Kuelimishwa Siko Kuelimika

Kwa muda wa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizuru pande za Msambweni kila nipatapo likizo. Kinachonipeleka huko ni Kichifundi, lahaja ya Kiswahili inayosemwa Funzi, Bodo, Shirazi na Munje, ambayo H. E. Lambert aliiandikia kitabu kidogo mwaka 1958 na ambayo tangu hapo haijapata watafiti wengi. Mtafiti wa lugha ni mgeni mwenye mzigo mwepesi: daftari, kinasa sauti na masikio. Lakini mgeni huyo akishajulikana kuwa ni mhadhiri wa chuo kikuu haachwi aende zake hivi hivi. Ndivyo nilivyojikuta, asubuhi moja mwaka jana, nimesimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne katika shule moja ya upili si mbali na barabara kuu iendayo Lungalunga, nikiwa nimeombwa na mwalimu wao wa historia, ambaye pia ni mlezi wa chama cha mdahalo, niwaeleze maana ya mwangaza katika falsafa ya Ulaya na katika dini za Mashariki.

Nilieleza. Mhadhiri hashindwi kueleza. Niliwaambia kwamba katika karne ya 18 Wafaransa walikiita kipindi chao cha fikra mpya kwa jina la taa, tena kwa wingi. Kwamba Wajerumani walichagua neno la kutakata, kama zinavyotakata mbingu baada ya mvua. Na kwamba Waingereza, walipokuja kufasiri maandiko ya Kibudha katika karne ya 19, walilichukua neno lile lile la falsafa yao wakamvika Buddha. Ubaoni niliandika MWANGAZA kwa herufi kubwa. Wote waliinama wakanakili.

Ndipo msichana mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, mwangaza na mwanga ni neno moja?"

Nikamjibu kwamba shina ni moja.

"Basi na mwanga wa usiku je? Kwetu kuna mzee anaitwa mwanga. Na wanaomwita hivyo si watu wasiosoma. Mmoja ana digrii."

Darasa lilinyamaza. Nami nilifanya lile ambalo wasomi wa lugha hulifanya wakitaka kujificha: nilikimbilia ngeli. Nilimweleza kwamba mwanga wa jua, wingi wake mianga, ni mbali na mwanga wa usiku, wingi wake wanga; kwamba huyu wa pili ametokana na kitenzi kuwanga, ambacho kwa maana moja ni kuhesabu na kwa maana nyingine ni kufanya uchawi; kwamba sauti zimekutana tu njiani kama wasafiri wawili. "Ahsante, mwalimu," akasema, akaketi. Kengele ikalia. Jibu langu lilikuwa sahihi, ila halikuwa jibu la swali lake.

Ninayoyaandika hapa ni jaribio la kumjibu upya.

Msomaji asiyeijua pwani yetu huenda asiutambue uzito wa swali lile. Kwa miaka mingi, katika kaunti za Kwale na Kilifi, wazee wamekuwa wakiuawa, wakichomewa nyumba au wakifukuzwa vijijini mwao kwa tuhuma za uchawi. Mvi zimekuwa ushahidi, na macho mekundu yaliyokaa jikoni mbele ya moshi wa kuni kwa miaka 60 nayo yamekuwa ushahidi. Watetezi wa haki za binadamu, na hata maofisa wa serikali, wamesema mara kwa mara kwamba nyuma ya tuhuma hizo aghalabu kuna shamba: mzee ndiye mwenye ardhi, vijana wanataka kugawana au kuuza, naye hajafa wala hajakubali. Huko Ganze, katika kaunti ya Kilifi, Kaya Godoma imekuwa makimbilio ya wazee walioponea chupuchupu mikononi mwa watu wao wenyewe. Kwa hiyo binti yule hakuwa akicheza na maneno. Alikuwa akiniuliza: ikiwa elimu ni mwangaza, mbona wenye elimu wamo miongoni mwa wanaowasha moto?

Swali hili lingeulizwa Ulaya pia, tena katika miaka ile ile ya sifa. Mwaka 1782, katika mji wa Glarus nchini Uswisi, mtumishi wa nyumbani aitwaye Anna Göldi alikatwa kichwa baada ya kudaiwa kumtilia binti wa mwajiri wake sindano mwilini kwa njia za kichawi. Wakati huo Rousseau, mzaliwa wa Geneva, alikwisha kuwa kaburini kwa miaka minne. Wala nyumba iliyomshitaki Anna haikuwa ya mkulima asiyejua kusoma. Mwajiri alikuwa tabibu na mtu wa baraza la mji. Hukumu yenyewe ililikwepa neno uchawi ikamwita mtia sumu, kana kwamba waamuzi waliona haya kidogo lakini haya hiyo haikutosha kumwokoa. Ilibidi bunge la Glarus lingoje hadi mwaka 2008 ili limsafishe jina.

Miaka miwili baada ya kifo cha Anna, mwezi Desemba 1784, gazeti moja la Berlin lilichapisha makala mafupi ya Immanuel Kant, profesa wa Königsberg, mji ambao leo uko Urusi kwa jina la Kaliningrad. Makala hayo yalijibu swali lililotupwa na mchungaji mmoja, Johann Friedrich Zöllner, katika gazeti lilo hilo mwaka mmoja kabla. Zöllner alikuwa akibishana na watu juu ya ndoa, akauliza pembeni, katika tanbihi tu: huu mwangaza unaotajwa kila siku, ni kitu gani hasa? Napenda kuwakumbusha wanafunzi jambo hili. Mojawapo ya maandiko mashuhuri katika falsafa ya Ulaya lilianza kwa tanbihi ya mtu aliyechoka kusikia neno lisilofafanuliwa.

Jibu la Kant halikuitaja taa. Alisema kwamba mwangaza ni binadamu kutoka katika hali ya utoto aliyojitia mwenyewe. Neno la Kijerumani alilolitumia ni la kisheria: humtaja mtu asiyeweza kujisemea, aliye chini ya ulinzi wa mwingine. Sisi wa pwani tunalo neno la huyo mlinzi, nalo ni walii. Katika ndoa ya Kiislamu walii wa bibi arusi ndiye anayeoza. Kant aliwatajia wasomaji wake mawalii wao: kitabu kinachowafikiria, mchungaji anayewashikia dhamiri, tabibu anayewachagulia chakula. Na alisema kwamba kinachowaweka watu wazima chini ya mawalii si ukosefu wa akili, bali ni uvivu na woga.

Tazama sasa jinsi neno letu lilivyo na pande mbili. Walii huyo huyo, katika Kiswahili hicho hicho, ni mja mwema aliyekaribu na Mwenyezi Mungu, ambaye watu hulizuru kaburi lake. Shina la Kiarabu ni moja, nalo linabeba maana ya ukaribu. Kwa upande mmoja, basi, kuna falsafa inayomwambia mtu aachane na walii ili apevuke, na kwa upande mwingine kuna mapokeo mengi ya Mashariki yanayomwambia atafute walii, sheikh au guru, ndipo apevuke. Ukiyaeleza yote mawili kwa neno mwangaza, kama nilivyofanya ubaoni, umeifunika tofauti iliyo kubwa kuliko zote.

Hapa naomba ruhusa ya kurudi katika sarufi, safari hii si kwa kujificha. Neno mwangaza limetokana na kuangaza, na kuangaza ni kufanya kitu kiangae. Mna kiambishi cha kusababisha ndani yake. Palipo na mwangaza, basi, pana mwenye kuwasha na mwenye kuwashiwa. Ndivyo lilivyo pia neno tunalolipenda mno katika semina: kuelimishwa. Wakulima wameelimishwa, akina mama wamehamasishwa, vijana wamezinduliwa. Kila moja ya sentensi hizo hudai "na nani", na jibu hupatikana bila taabu: na afisa, na shirika, na mfadhili. Lakini lugha yetu ina kauli nyingine, ile ya -ka: kuelimika, kuerevuka, kuzinduka, kuamka, kupevuka. Jaribu kusema "wanakijiji wameelimika na afisa". Sikio la Mswahili linakataa. Kauli hii haimpokei mtendaji. Afisa anaweza kuwako, vitabu vinaweza kuwako, lakini tendo lenyewe limetokea ndani ya mtu na hakuna awezaye kujiandikia sifa yake. Mwenye digrii aliyemwita mzee mwanga ameelimishwa, tena kwa gharama. Kwamba ameelimika, hilo halimo katika cheti.

Na Buddha yuko upande gani? Neno buddha katika Kisanskriti lina maana ya "aliyeamka". Halina taa ndani yake; lina usingizi uliokwisha. Tena si aliyeamshwa, ni aliyeamka: Siddhartha Gautama aliketi chini ya mti wa jamaa ya mkuyu wetu, huko Bodh Gaya nchini India, baada ya kuwaacha walimu wawili ambao mafundisho yao hayakumfikisha. Zaidi ya hayo, neno nirvana, ambalo wengi hulidhani kuwa ni nuru kali, maana yake ni kuzimika, kama unavyozimika moto uliokosa kuni, na kuni hizo ni tamaa, chuki na upumbavu. Kwa Wafaransa taa zinawashwa. Kwa Buddha moto unazimika. Waingereza waliyaunganisha haya mawili kwa neno moja na dunia nzima ikawafuata.

Kuna kisa kinachonifurahisha kama mtu wa lugha. Inasimuliwa kwamba Buddha, karibu na kifo chake, aliwausia wanafunzi wake wasitegemee kimbilio jingine bali nafsi zao na mafundisho, na kila mmoja awe dipa kwa ajili ya nafsi yake. Katika Kipali neno dipa ni taa, na pia ni kisiwa, kwa kuwa maneno mawili ya kale yalikuja kufanana kwa matamshi, sawasawa na mwanga na mwanga. Wafasiri wengine waliandika taa, wengine wakaandika kisiwa. Anayeishi Funzi au Wasini hahitaji kuelezwa kisiwa ni nini maji yanapojaa. Na anayedhani haya ni mambo ya mbali na atembelee Dar es Salaam, ambako Wabudha wenye asili ya Sri Lanka wamekuwa na hekalu lao tangu miaka ya 1920.

Kwa hiyo Kant na Buddha wote ni watu wa -ka. Wanapoachana ni katika wakati. Kant alisema waziwazi kwamba zama zake hazikuwa zama zilizokwisha kuangazika, bali zama ambamo kazi hiyo inaendelea. Ni mtu wa -na-. Buddha ni mtu wa -me-: ameamka, basi, na halali tena. Tena Kant anamtaka mtu aseme hadharani, mbele ya umma wa wasomaji; Buddha anamtaka kwanza anyamaze atazame kinachomwaka ndani. Mwenye kiu ya shamba la babu yake angehitaji yote mawili, na labda angeanza na la pili.

Sitaki sarufi yangu ionekane safi kuliko ilivyo. Imamu Ghazali, ambaye jina lake linajulikana katika madrasa zote za pwani, aliiacha kazi yake ya ualimu huko Baghdad mwaka 1095 baada ya kutilia shaka kila alichokuwa amekipokea kwa kufuata tu. Karne saba kabla ya Kant, alikwisha kuivunja taklidi. Hata hivyo alipoeleza jinsi alivyopona shaka hiyo, alisema ni kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Hapo mtendaji amerudi, na kauli ni ya kutendewa. Sina jibu la kisarufi kwa Ghazali. Naona tu kwamba nuru hiyo ilimjia mtu aliyekwisha kuthubutu kuuliza.

Wala sitaki nimfanye Kant malaika. Katika kitabu chake cha mwaka 1764 aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi ambayo ni aibu kuyarudia gazetini. Karne iliyofuata Stanley alikiita kitabu chake cha mwaka 1878 kwa jina la bara la giza, na wengi waliokuja nyuma yake walituhesabu kuwa watu wa kuwashiwa taa. Ni kwa sababu hiyo, nadhani, tulijifunza kulipenda neno kuelimishwa.

Kinyume chake kinauzwa Diani. Huko hotelini utaona wageni wamekaa juu ya mikeka mchangani alfajiri, miguu wameikunja, wakitafuta kwa siku saba, pamoja na kiamshakinywa, kile ambacho Gautama alikitafuta kwa miaka sita. Siwacheki, huenda mmoja akaamka kweli.

Kilicho kigumu zaidi kwangu kiko umbali mfupi kutoka hapo, katika Kaya Kinondo. Nilipokwenda kuutembelea msitu ule nilifungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, kama afungwavyo kila mgeni, na nikaambiwa nisichukue chochote, hata jani. Ni takriban hekta 30 tu, na ni miongoni mwa makaya ya Mijikenda yaliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, mwaka ule ule Anna Göldi aliposafishwa jina. Nilimwuliza mzee aliyetuongoza sababu ya kitambaa. "Ndivyo tulivyokuta," alisema. Kant angemwita walii, na lingekuwa neno la lawama. Lakini pwani yote ya Diani ikikatwa viwanja na kujengwa, miti ya Kinondo imesimama kwa sababu vizazi kadhaa vilitii bila ya kudai sababu. Niliingia mle nikiwa na nguo nyeusi, katika kivuli, nikaelewa kitu ambacho makala ya mwaka 1784 hayakunifundisha. Na papo hapo nikakumbuka kwamba utii huo huo, usiodai sababu, ndio unaomfanya kijana aokote jiwe mtu akishataja jina la mzee. Mambo haya mawili yamo ndani yangu hadi leo na sijaweza kuyapatanisha.

Ninalolijua ni dogo. Kant aliwatenganisha mtu akiwa kazini na mtu huyo huyo akiandika mbele ya umma. Mwalimu akiwa darasani hufuata mtaala, kwa maana ameajiriwa kwa hilo. Lakini akishika kalamu kama msomi, ana haki ya kuuhoji mtaala huo, na chifu, na ukoo wake mwenyewe. Mimi nilikuwa darasani la watu, mgeni, sina mtaala wa kufuata wala mwajiri wa kuogopa, na bado nilikimbilia ngeli. Binti wa miaka 17 ndiye aliyezungumza kama mtu aliyetoka chini ya walii. Nilipaswa kumwuliza: wewe waonaje, na shamba ni la nani?

Mwezi Aprili mwaka huu nilirudi Msambweni. Mwalimu yule wa historia alinipokea kwa chai katika chumba cha walimu. Alinieleza kwamba wanafunzi wale wamekwisha kufanya mtihani wao na kutawanyika, na kwamba mzee aliyekuwa akiitwa mwanga yuko hai. Amehamia Ukunda kwa binti yake. Shamba limekwisha kupimwa na vigingi vimepakwa chokaa.

Nikamwuliza kama yuko mtu aliyethubutu kuuliza linauzwa na nani.

Akatazama mlangoni kwanza, kisha akaniambia kwamba yule msichana aliuliza, katika baraza la chifu, mbele ya wazee wote. Hakujibiwa.